Tovuti Isiyotaja Korosho Haiuzi Korosho

Somo kwa vikundi vya uzalishaji mali na wenye biashara ndogo

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wenu mmetuuliza. Mnasema hivi: "Tumetengenezewa tovuti. Tumelipa fedha. Mbona hakuna mnunuzi anayepiga simu?" Swali hili ni zuri. Tutalijibu kwa mfano wa kikundi kimoja cha akina mama wa hapa Lisekese, Masasi. Wametukubalia tueleze habari yao ili wengine wajifunze. Jina la kikundi tumeliacha, maana somo ni la wote.

Kwanza tukumbushane neno. Tovuti ni nini? Tovuti ni kurasa zilizowekwa kwenye intaneti, ambazo mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kuzifungua na kuzisoma, awe Newala, Dodoma au Ulaya. Ni kama ubao wa matangazo, ila ubao huu unasomwa na watu walio mbali.

HABARI YA KIKUNDI

Akina mama hawa ni 12. Wanabangua korosho, wanamenya, wanakaanga na kufunga katika pakiti. Kazi hii mnaijua. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole. Tena ili upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, unahitaji kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kwa hiyo kila pakiti ina jasho ndani yake.

Mwaka jana walitoa shilingi 300,000 kutoka katika akiba yao. Wakamlipa kijana mmoja awatengenezee tovuti. Kijana akafanya kazi, akawaonyesha katika simu yake. Ilikuwa na rangi nzuri na picha kubwa. Wote wakafurahi.

Ukapita mwezi mmoja. Ikapita miezi minne. Simu ya kikundi haikulia hata mara moja kwa sababu ya tovuti. Wakati huo kilo 40 za korosho zilikuwa zimekaa ndani. Korosho iliyokaangwa ikipata unyevu inalainika, na ikilainika haina soko. Kila wiki iliyopita ilikuwa hasara.

Ndipo mtu mmoja akawapigia simu kutoka mjini. Akasema: "Nipeni shilingi 200,000 kila mwezi. Mimi nitaiweka tovuti yenu nafasi ya kwanza kwenye Google. Nawahakikishia." Akina mama wakakaa kikao. Wengine wakasema tulipe, maana tumeshaingia majini. Wengine wakasema akiba imebaki kidogo na watoto wanadaiwa sare za shule. Mama mweka hazina akasema: "Kabla hatujalipa, twendeni tukamwulize mwalimu."

Basi wakaja ofisini kwetu. Tukawaomba wasilipe kwanza. Tukakaa nao chini ya mwembe, na simu moja.

JARIBIO LA KALAMU NA KARATASI

Hatukuanza na simu. Tulianza na karatasi. Tukamwambia kila mama: "Fikiri kwamba wewe hukai Lisekese. Unakaa Dar es Salaam. Una duka dogo. Unataka korosho za kuuza. Unachukua simu yako ili utafute. Utaandika maneno gani?"

Wakaandika. Mmoja akaandika: korosho za Masasi. Mwingine: korosho za kukaanga bei ya jumla. Wa tatu: korosho Mtwara. Mama mmoja mzee, aliyehitimu kisomo akiwa na mjukuu mgongoni, akaandika: nani anauza korosho safi. Yote yalikuwa majibu mazuri.

Halafu tukafungua tovuti yao, tukasoma maandishi yake kwa sauti. Yalikuwa hivi:

"Karibu. Sisi ni wadau wa maendeleo tunaojihusisha na uzalishaji wa bidhaa bora za lishe kwa jamii. Dira yetu ni kuwa kinara wa ubora. Wasiliana nasi."

Tukauliza: "Neno korosho liko wapi?" Wakatazama. Halikuwepo. "Neno Masasi je?" Halikuwepo. "Lisekese? Mtwara? Kilo? Bei?" Hakuna. Neno korosho lilikuwa ndani ya picha tu, limechorwa kwa maandishi ya kupendeza.

Mama mwenyekiti akacheka, kisha akanyamaza. Akasema: "Kumbe tumefungua duka, tukaufunga mlango kwa ndani."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mnunuzi anatafuta kwa maneno. Kama maneno anayoandika hayapo katika tovuti yako, hatakuona, hata kama korosho zako ni tamu kuliko zote.

MTAMBO WA KUTAFUTA UNAFANYAJE KAZI?

Google ni mtambo wa kutafuta. Mtambo huu si wa chuma kama mashine ya kusaga. Ni programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta nyingi sana. Ipo mitambo mingine ya namna hiyo, kama vile Bing, lakini Google ndiyo inayotumiwa zaidi. Ilianzishwa na vijana wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kampuni yao ilianza mwaka 1998.

Ili tuelewe kazi yake, tulifikirie ghala la korosho wakati wa msimu. Magunia ni mengi mno. Yamepangwa mpaka juu. Mtu akija kuuliza mzigo fulani, je, karani anafungua gunia moja moja? Hapana. Anafungua daftari. Gunia lililoandikwa vizuri linapatikana mara moja. Gunia lisiloandikwa ni kama halipo, hata kama liko pale pembeni limejaa korosho nzuri.

Mtambo wa kutafuta unafanya hivyo hivyo, kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuzunguka. Mtambo unapita mtandaoni mchana na usiku ukisoma kurasa. Unatoka ukurasa huu kwenda ule kwa kufuata viungo. Kiungo ni maneno au picha ambayo ukiigusa inakupeleka ukurasa mwingine.

Hatua ya pili ni kuandika katika daftari. Daftari hilo linaitwa faharasa. Humo mtambo unaandika: ukurasa huu unazungumzia korosho, ule unazungumzia cherehani, ule mwingine unazungumzia mbuzi.

Hatua ya tatu ni kupanga majibu. Mtu anapoandika "korosho za Masasi", mtambo unafungua daftari lake. Unachagua kurasa zinazolingana na maneno yake, kisha unazipanga. Inayoonekana kumfaa zaidi inawekwa juu.

Je, mtambo unajuaje ipi inafaa zaidi? Unatazama mambo mengi. Unatazama maneno yaliyomo. Unatazama kama ukurasa unafunguka haraka na kusomeka vizuri kwenye simu. Tena unatazama kama wengine wanautaja. Hili la mwisho ndilo lilikuwa wazo kubwa la wale vijana wawili. Ukitaka fundi wa kuezeka nyumba, unafanyaje? Unauliza watu. Mmoja akimtaja fundi fulani, unasikiliza. Watano wakimtaja yule yule, na mmoja wao ni mzee anayeheshimiwa, unamfuata. Kwenye intaneti, tovuti nyingine ikiweka kiungo cha kuja kwako, ni kama imekutaja kwa watu.

TULIREKEBISHA NINI?

Sasa tueleze kazi tuliyofanya pamoja. Kijana aliyetengeneza tovuti tulimwita. Alikuja kwa moyo mzuri, akakubali makosa, naye akajifunza. Kazi ilichukua siku mbili.

1. Kichwa cha ukurasa

Kila ukurasa wa tovuti una kichwa chake. Mara nyingi ndicho kinachoonekana kwa maandishi makubwa katika majibu ya Google. Kichwa chao kilikuwa "Ukurasa wa Kwanza". Ukurasa wa kwanza wa nini? Hakuna mtu anayetafuta kitu kinachoitwa ukurasa wa kwanza. Tukaandika:

"Korosho za Kukaanga kutoka Lisekese, Masasi, Mtwara: Jumla na Rejareja"

Tazameni. Kichwa hiki kinajibu maswali matatu: Unauza nini? Uko wapi? Unauzaje? Tuliweka Mtwara kwa sababu watu wengi wa mbali wanaufahamu mkoa kuliko kijiji. Lakini Lisekese hatukuiacha, kwa kuwa ndiyo kwetu.

2. Maelezo

Yale maneno ya wadau na kinara tukayafuta. Mahali pake akina mama wenyewe wakasema, nasi tukaandika:

"Sisi ni kikundi cha akina mama 12 wa Lisekese, Masasi, mkoani Mtwara. Tunabangua, tunamenya na kukaanga korosho kwa mikono. Tunauza korosho nzima na korosho vipande. Ziko za chumvi na zisizo na chumvi. Pakiti ni za robo kilo, nusu kilo na kilo moja. Mnunuzi wa jumla anaanzia kilo 10. Tunatuma mzigo kwa basi kwenda Mtwara, Dar es Salaam na Dodoma. Mnunuzi analipia usafiri. Piga simu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni."

Je, maneno hayo ni magumu? Hata kidogo. Ni maneno ambayo mama angemwambia mteja sokoni. Basi andika kama unavyomweleza mteja aliyesimama mbele yako. Maneno makubwa ya mkutano yaache mkutanoni.

Bei nayo iandikwe, pamoja na tarehe. Bei isiyo na tarehe inaleta ugomvi, kwani mteja anaweza kuja na bei ya mwaka juzi.

3. Picha

Mtambo hausomi kwa uhakika maneno yaliyochorwa ndani ya picha. Kwa hiyo neno la maana lisikae ndani ya picha peke yake. Liandikwe pia kama maandishi ya kawaida. Tena kila picha ipewe maelezo mafupi. Fundi wa tovuti anajua mahali pa kuyaweka. Picha yao ilikuwa inaitwa kwa namba tu. Sasa maelezo yake ni "Pakiti za nusu kilo za korosho za kukaanga, Lisekese, Masasi".

Picha ile ilikuwa pia nzito mno. Kwenye simu ilichelewa kufunguka, na ilikula bando la mteja. Mteja hasubiri. Anarudi nyuma, anafungua duka la mwingine. Kijana akaipunguza uzito, na sasa inafunguka upesi.

4. Namba ya simu

Namba ilikuwa ndani ya ile picha. Mteja alilazimika kuinakili kwenye karatasi. Sasa imeandikwa kama maandishi, na mteja akiigusa simu inapiga yenyewe. Tukakubaliana pia nani ataishika simu ya kikundi na nani ataichaji. Simu iliyozimwa inafukuza mteja aliyekwisha kupatikana kwa shida.

5. Ramani

Google ina ramani yake. Mwenye biashara anaweza kuiandikisha biashara yake humo bure. Anaandika jina, aina ya biashara, mahali, saa za kazi, simu na picha. Kisha Google inahakikisha kwamba biashara ni ya kweli na ni yake. Huenda ikatuma namba ya siri, au ikataka video. Namba hiyo ya siri msimpe mtu yeyote anayepiga simu kuiomba.

Katika kupanga biashara za ramani, Google yenyewe inaeleza kwamba inatazama mambo matatu: kama biashara inalingana na kinachotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadili. Masasi haitahamia Dar es Salaam. Lakini hayo mengine mawili unaweza kuyafanyia kazi. Andika kwa usahihi. Waombe wateja wa kweli waandike maoni yao ya kweli. Msijiandikie sifa wenyewe kwa majina ya uongo. Ni udanganyifu, na maoni ya namna hiyo yanafutwa.

Kikundi kisicho na tovuti kinaweza kuanza na ramani peke yake. Ni bure, na si mwanzo mbaya.

6. Kutajwa na wengine

Tukauliza: "Nani anawafahamu, na ana tovuti?" Walikuwepo. Lipo duka moja linalouza pakiti zao, na lipo shirika lililowafundisha usafi wa vyakula. Wakaandika barua fupi ya heshima kuomba watajwe kwa kiungo. Mmoja alikubali, mwingine hajajibu. Huo ni mwanzo. Msinunue viungo kutoka kwa watu msiowajua. Mtambo unavihesabu kama ushahidi wa kununua, na unaweza kuishusha tovuti yenu.

MSIRUNDIKE MANENO

Baada ya kuelewa, mama mmoja akapendekeza: "Basi tuandike korosho mara mia!" Wazo lake linaeleweka, lakini si sahihi. Mtu anayeandika "korosho korosho korosho bei nafuu korosho" anamchosha msomaji. Mtambo nao umeshaijua hila hiyo kwa miaka mingi, na hauipendi. Taja kitu chako mahali panapostahili, basi. Andika kwa ajili ya mtu, mtambo utafuata.

Tena msiandike uongo. Kama hamna alama ya ubora ya TBS, msiiweke. Kama korosho zimekwisha, andikeni "zimekwisha, zitapatikana tena mwezi fulani". Mteja aliyedanganywa mara moja harudi, na huwaambia wenzake.

JE, NAFASI YA KWANZA INANUNULIWA?

Sasa turudi kwa yule mtu wa shilingi 200,000 kila mwezi.

Katika majibu ya Google kuna vitu viwili tofauti. Kuna matangazo, na kuna majibu ya kawaida. Matangazo yanalipiwa, nayo huwekwa alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa. Ukiacha kulipa, yanaondoka. Majibu ya kawaida hayalipiwi. Google inasema wazi kwamba haipokei fedha ili kuipandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Inasema pia kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akisema "nawahakikishia nafasi ya kwanza", mwulizeni maswali haya manne:

Nafasi ya kwanza kwa maneno gani? Maana kila tovuti inaweza kuwa ya kwanza kwa jina lake yenyewe ambalo hakuna anayelitafuta.

Utafanya kazi gani hasa katika tovuti yetu? Tuandikie.

Fedha hizi ni za matangazo au ni ujira wako?

Tukiacha kukulipa, kitabaki nini?

Akina mama walimpigia simu, wakamwuliza. Alipofika swali la pili akakata simu. Hajapiga tena.

Hatusemi kwamba mafundi wote ni wadanganyifu. Wapo mafundi wazuri wanaofanya kazi ya kweli, na kazi yao ina ujira wake. Tunasema: lipieni kazi mnayoielewa, msilipie ahadi.

JINA LA TOVUTI NI MALI YA NANI?

Jambo hili tuliligundua kwa bahati. Tovuti ina jina lake. Majina ya Tanzania huishia na .tz, na ya biashara mara nyingi huishia na .co.tz. Majina haya yako chini ya usimamizi wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Jina linaandikishwa, na ada yake inalipwa kila mwaka kupitia wakala. Msipolipa, linapotea, na mwingine anaweza kulichukua.

Tulipouliza, tukakuta jina la tovuti ya kikundi limeandikishwa kwa jina la yule kijana. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia vingine. Lakini je, angehama? Angepoteza simu yake? Kazi yote na shilingi 300,000 zingekwenda. Sasa jina limehamishiwa kwa kikundi. Maneno ya siri yameandikwa kwenye karatasi, karatasi imetiwa katika bahasha, na bahasha imo ndani ya sanduku la akiba lenye funguo tatu. Fanyeni vivyo hivyo.

NA SISI TUSIO NA KOROSHO?

Somo ni lile lile. Jiulize: mteja wangu anakiitaje kitu hiki?

Mwenye nyumba ya kulala wageni pale Masasi mjini anaandika "malazi ya hadhi ya juu". Lakini dereva anayetoka Tunduru saa 3 usiku anaandika "gesti Masasi karibu na stendi". Basi mwenye nyumba ataje gesti, ataje stendi, ataje kama kuna maji na mahali pa kuegesha gari. Neno la kusema na neno la kuandika yote mawili yana kazi. Neno "gesti" si kosa, ndilo mteja analolitumia.

Mchongaji wa Newala anaandika "kazi za sanaa asilia". Mnunuzi anaandika "vinyago vya Kimakonde vya mpingo". Kama kinyago ni cha mpingo, sema ni cha mpingo. Taja urefu wake na uzito wake. Mnunuzi wa nchi za nje ataandika kwa Kiingereza. Kwa huyo, tengenezeni ukurasa wa pili wa Kiingereza, uandikwe na mtu anayekijua vizuri. Msichanganye lugha mbili katika ukurasa mmoja.

Fundi cherehani anaandika "mitindo ya kisasa". Mteja anaandika "fundi wa sare za shule Masasi". Sasa nani atamwona nani?

Tukumbuke pia: somo hili ni la biashara zenu za rejareja na bidhaa mlizozitengeneza. Korosho ghafi za wakulima zina utaratibu wake wa chama cha msingi, stakabadhi ghalani na mnada. Hata mnada huo siku hizi unatumia mtandao. Katika msimu wa 2024/2025 korosho ziliuzwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Kwa hiyo msidhani mambo ya mtandao ni ya watu wa mjini tu. Yameshafika shambani.

MATOKEO

Msitegemee matokeo ya kesho. Ukipanda mkorosho leo, huvuni Jumapili. Mtambo unahitaji siku au wiki kadhaa ili upite tena, usome na uandike upya katika daftari lake.

Kwa akina mama wa Lisekese, wiki ya kwanza hapakuwa na kitu, wala ya pili. Wiki ya tatu tukaandika "korosho za kukaanga Masasi" katika simu, na tovuti yao ikaonekana. Walipiga vigelegele hadi watu wa jirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Halafu tukaandika "korosho Tanzania". Haikuonekana. Iko mbali sana huko nyuma, maana kwa maneno hayo wanashindana na makampuni makubwa. Tuliwaeleza wasivunjike moyo. Mwenye biashara ndogo aanze na maneno yanayotaja mahali pake na bidhaa yake hasa. Huko ana nafasi.

Mwezi wa pili simu ikalia. Mwenye duka wa Dodoma aliomba kilo 10. Mwezi uliofuata akaomba 10 nyingine. Wengine watatu wamepiga. Mmoja wao alinunua, wawili waliuliza bei tu. Zile kilo 40 za mwanzo hazikuokoka zote. Nusu zilikuwa zimelainika, wakaziuza kwa hasara gulioni. Tunalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hasara ile ilitokana na ukurasa mmoja ulioandikwa vibaya.

Ndugu wasomaji, mwaka 1973 wazee wetu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Leo mnaweza kukaa kwa vikundi kuizunguka simu moja. Mlipojifunza kusoma na kuandika, wapo waliosema mtu mzima anajifunza kuandika ili amwandikie nani? Jibu mnalo. Mnamwandikia mnunuzi wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona Lisekese.

Kama alivyosema mama mweka hazina siku ile chini ya mwembe: "Mwalimu, tulidhani tumekosa fedha. Kumbe tulikosa sentensi."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tovuti ya akina mama haikuonekana, ingawa ilikuwa na picha nzuri?
2. Daftari la karani wa ghala linafanana na nini katika mtambo wa kutafuta?
3. Kuna tofauti gani kati ya tangazo la kulipiwa na jibu la kawaida?
4. Je, jina la tovuti ya kikundi chenu limeandikishwa kwa nani? Maneno ya siri yako wapi?
5. Kwa nini ni afadhali kuanza na "korosho za kukaanga Masasi" kuliko "korosho Tanzania"?

ZOEZI

Kila mmoja achukue karatasi. Aandike maneno matano ambayo mteja wake angeandika akimtafuta. Kisha aandike kichwa cha ukurasa chenye maneno yasiyozidi kumi, kinachotaja bidhaa na mahali. Mpe jirani yako akisome. Mwulize: "Nauza nini? Niko wapi?" Akishindwa kujibu, andika tena.

MANENO MAPYA

Faharasa: orodha ya maneno na mahali yanapopatikana.
Kiungo: sehemu ya ukurasa ambayo ukiigusa inakupeleka ukurasa mwingine.
Mtambo wa kutafuta: programu inayotafuta kurasa mtandaoni kwa maneno uliyoandika.
Tovuti: kurasa za mtu, kikundi au shirika zilizowekwa kwenye intaneti.

Elimu haina mwisho. Kazi kwenu.